Chunjua na maradhi ya mwili kujishambulia: upo uhusiano gani?

Chunjua ni vijiuvimbe vya ngozi ambavyo watu wengi huvipuuza. Huota kidoleni, gotini au chini ya unyayo, hukaa miezi kadhaa, kisha hutoweka bila mwenyewe kutambua zimeondoka lini. Lakini kwa mtu anayeishi na lupasi, baridi yabisi au maradhi mengine ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, chunjua zinapoanza kuota kwa wingi huzusha swali zito. Je, ni ugonjwa uliozileta chunjua, ni chunjua zilizouleta ugonjwa, au ni dawa anazomeza kila siku?

Swali hili si la udadisi tu. Mgonjwa anayeamini kwamba dawa zinamdhuru anaweza kuziacha ghafla, na kuziacha ghafla baadhi ya dawa hizo kunaweza kumuua. Mzazi anayeamini kwamba chanjo ya virusi vya chunjua huleta maradhi hayo anaweza kumzuia binti yake asichanjwe, na binti huyo akabaki bila kinga dhidi ya saratani. Katika makala haya tunaangalia yale ambayo sayansi imeyathibitisha, na yale ambayo bado hayana ushahidi.

Chunjua ni nini?

Chunjua, ambazo sehemu nyingine huitwa sunzua au masundosundo, husababishwa na virusi vya papiloma vinavyojulikana duniani kote kwa kifupi cha HPV. Mwaka 1907 daktari wa Italia, Giuseppe Ciuffo, alionyesha kwamba majimaji ya chunjua yaliyochujwa hadi yasibaki na bakteria yoyote bado yaliweza kuotesha chunjua mpya. Huo ulikuwa ushahidi kwamba chanzo chake ni kitu kidogo kuliko bakteria.

Leo zaidi ya aina 200 za virusi hivyo zimetambuliwa. Baadhi huotesha chunjua za mikono na miguu. Aina ya 6 na ya 11 huleta chunjua za sehemu za siri. Aina ya 16 na ya 18 kwa kawaida hazioteshi chunjua zinazoonekana kwa macho, lakini ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengine huiita saratani ya shingo ya uzazi.

Kirusi huingia kupitia mchubuko mdogo na kujificha katika seli za tabaka la chini la ngozi. Hakiingii katika damu wala hakiziui seli kilizoziingia, na kwa sababu hiyo hakisababishi uvimbe wa joto na maumivu unaoiamsha kinga ya mwili. Ndiyo maana chunjua inaweza kukaa mwaka mzima bila mwili kushtuka. Siku kinga inapokitambua kirusi, seli nyeupe za damu ziitwazo seli T huizunguka chunjua na kuimaliza. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya chunjua hutoweka zenyewe katika muda wa miaka miwili, pasipo dawa yoyote.

Kwa hiyo, kinachoamua kama chunjua itaondoka au itabaki ni kinga ya mwili. Hapo ndipo habari ya chunjua inapokutana na habari ya maradhi ya mwili kujishambulia.

Kinga inapomgeukia mwenyewe

Kwa kawaida kinga ya mwili hujifunza kutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Katika maradhi ya mwili kujishambulia tofauti hiyo hupotea. Katika baridi yabisi ya aina hii kinga hushambulia viungo. Katika kisukari cha aina ya kwanza huangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika mbalanga huua seli zinazoipa ngozi rangi yake. Lupasi inaweza kushambulia ngozi, viungo, figo, moyo na hata ubongo, na karibu wagonjwa tisa kati ya kila kumi ni wanawake.

Maradhi haya si adimu kama ilivyodhaniwa zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia kumbukumbu za afya za watu milioni 22 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila kumi ameathiriwa na angalau ugonjwa mmoja kati ya 19 yaliyochunguzwa. Wanawake walikuwa asilimia 13 na wanaume asilimia 7.

Je, chunjua zinaweza kuuanzisha ugonjwa?

Dhana kwamba maambukizi yanaweza kuifanya kinga ikosee si ya kubuni. Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni homa ya baridi yabisi, ambayo humpata mtoto baada ya kuugua koo kutokana na bakteria wa aina ya streptokoki. Kingamwili zilizotengenezwa kumpiga bakteria huyo hufananisha sehemu za moyo na adui, zikaharibu vali zake. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 walionyesha kwamba hatari ya ugonjwa wa skelorosisi ya neva huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr.

Kwa chunjua hakuna ushahidi wa uzito huo. Wapo wanasayansi waliopendekeza kwamba baadhi ya vipande vya protini ya HPV vinafanana na protini za mwili wa binadamu, na kwamba mfanano huo ungeweza kuipotosha kinga. Lakini kufanana kwa vipande vya protini ni jambo la kawaida katika maumbile, na peke yake hakuthibitishi kitu. Karibu kila mtu hukutana na aina fulani ya virusi hivi maishani, na walio wengi hawapati maradhi yoyote ya mwili kujishambulia. Mwenye chunjua mkononi hana sababu ya kuhofu kwamba kesho ataamka na lupasi.

Dawa zinazotuliza kinga

Uhusiano uliothibitishwa vyema unakwenda upande wa pili: mtu aliye na ugonjwa wa mwili kujishambulia hupata chunjua kwa urahisi zaidi, na chunjua hizo hukawia kuondoka. Sababu kubwa ni dawa.

Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hajiwezi, na nafuu aliyoipata iliushangaza ulimwengu wa tiba. Hench alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Edward Kendall na Tadeusz Reichstein. Mwaka 1957 Gertrude Elion na George Hitchings walitengeneza azathioprini, ambayo baadaye iliwawezesha wagonjwa kupandikizwa figo za watu wengine, na ambayo leo hutumiwa pia kutibu lupasi. Baada ya hapo zilifuata dawa nyingine nyingi.

Dawa hizi huokoa figo, macho na maisha kwa kuwatuliza askari wa mwili waliokosa utii. Tatizo ni kwamba hazichagui. Askari anayeshambulia figo hutulizwa, na pamoja naye hutulizwa yule aliyekuwa akilinda ngozi dhidi ya virusi. Jambo hili huonekana waziwazi kwa watu waliopandikizwa figo, ambao hulazimika kumeza dawa za kutuliza kinga maisha yao yote. Kadiri miaka inavyopita, wengi wao huota chunjua, na hatari yao ya kupata saratani ya ngozi huwa kubwa kuliko ya watu wengine.

Hata hivyo, dawa si maelezo yote. Tafiti kuhusu wanawake wenye lupasi zimeonyesha kwamba HPV huonekana zaidi kwao kuliko kwa wanawake wengine, na madaktari wanaamini kwamba ugonjwa wenyewe huchangia. Kinga inayopigana na mwili haina maana kuwa ni kinga yenye nguvu. Ni kinga iliyovurugika, na inaweza kuwa kali mahali pasipostahili na dhaifu mahali inapohitajika.

Kasoro moja, matatizo mawili

Uthibitisho wa jambo hilo unatoka kwa watu wachache waliozaliwa na kasoro katika kinga zao. Mwaka 1922 madaktari Lewandowsky na Lutz walieleza ugonjwa adimu ambao mgonjwa hufunikwa na chunjua tangu utotoni. Miaka 80 baadaye, mwaka 2002, wanasayansi walizitambua jeni mbili zinazohusika. Watu hao hupambana vyema na vijidudu vingine vingi. Pengo lao liko hasa mbele ya virusi vya papiloma.

Wako wengine ambao pengo lao ni pana zaidi. Utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia wagonjwa 91 waliokuwa na upungufu wa seli za CD4 usiotokana na Virusi vya Ukimwi. Maradhi yanayoletwa na virusi vya papiloma ndiyo yaliyoongoza miongoni mwa maambukizi nyemelezi. Baadhi ya wagonjwa hao walikuwa pia na maradhi ya mwili kujishambulia. Katika hali kama hiyo chunjua haikuuleta ugonjwa, wala ugonjwa haukuileta chunjua. Vyote viwili vilitoka katika mzizi mmoja.

Kengele moja ya hatari

Upo ushahidi mwingine, nao unatoka katika matibabu ya chunjua. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha krimu ya imikwimodi kwa chunjua za sehemu za siri. Krimu hiyo haiui kirusi. Kazi yake ni kuiamsha kinga kupitia kipokezi kiitwacho TLR7, ambacho ni kama kengele ya hatari ndani ya seli. Kengele ikilia, seli humwaga kemikali ziitwazo intaferoni, na askari wa mwili hukimbilia mahali hapo.

Mwaka 2022 watafiti walichapisha taarifa ya msichana wa Hispania aliyepatwa na lupasi kali angali mtoto. Katika jeni yake ya TLR7 waliona badiliko moja lililoifanya kengele hiyo ilie bila sababu. Walipoliingiza badiliko hilohilo katika panya, panya nao walipata ugonjwa unaofanana na lupasi. Jeni hiyo imo katika kromosomu X, ambayo wanawake wanazo mbili, na wengi wanadhani hii ni mojawapo ya sababu za lupasi kuwaandama zaidi wanawake.

Kwa maneno mengine, kengele inayoamshwa kwa makusudi ili kuifukuza chunjua ndiyo hiyohiyo inayolia kupita kiasi katika lupasi. Ndiyo maana madaktari huwa waangalifu wanapoitumia imikwimodi kwa mtu mwenye ugonjwa wa mwili kujishambulia: inajulikana kwamba inaweza kuchochea soriasisi, au kuacha mabaka meupe ya mbalanga mahali ilipopakwa.

Chanjo na hofu ya wazazi

Hofu kuhusu chanjo ya HPV ilianza mara tu baada ya chanjo ya kwanza kuidhinishwa mwaka 2006. Wapo waliodai kwamba huwaletea wasichana maradhi ya mwili kujishambulia. Nchini Japani serikali iliacha kuihimiza chanjo hiyo mwezi Juni 2013 kutokana na malalamiko ya aina hiyo, na haikurejea kuihimiza hadi Aprili 2022. Katika miaka hiyo idadi ya wasichana waliochanjwa ilishuka karibu kufikia sifuri.

Mwaka huohuo wa 2013 watafiti wa Denmark na Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasichana karibu milioni moja, waliochanjwa na wasiochanjwa. Hawakupata uthibitisho wowote kwamba chanjo huleta maradhi ya mwili kujishambulia. Chanjo hii haina kirusi hai. Imetengenezwa kwa ganda tupu la protini lisilo na chembe za urithi, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu, hata yule ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi katika eneo hilo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza barani Afrika. Uganda ilifuata mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana na wanawake vijana. Lakini shirika hilo lilitoa tahadhari ambayo wengi hawaifahamu: watu wenye kinga dhaifu wanahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Msichana anayetumia dawa za kutuliza kinga, awe Mwanza, Mombasa au London, asihesabu kwamba dozi moja aliyopewa shuleni imemaliza kazi. Mzazi wake anapaswa kulizungumza hilo na daktari.

Krimu za madukani

Iko njia nyingine ya kuidhoofisha kinga ya ngozi, nayo haihitaji cheti cha daktari. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa madukani na mitaani, Afrika Mashariki na hata katika miji ya ughaibuni wanakoishi Waafrika, huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Mtu anayejipaka krimu hiyo usoni kila siku huwatuliza askari wa ngozi yake bila kujua. Chunjua bapa ndogondogo zikianza kuenea usoni, huongeza krimu akidhani ni chunusi au mabaka, na hali huzidi kuwa mbaya. Mgonjwa wa lupasi aliyekuwa akitafuta krimu ya kuficha mabaka yake yumo pia katika hatari hiyo.

Nini cha kufanya?

Jambo la kwanza ni kutoziacha dawa. Mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu akiiacha ghafla, mwili wake huweza kushindwa kutengeneza homoni muhimu ambayo dawa ilikuwa ikichukua nafasi yake, na hali hiyo inaweza kusababisha kifo. Aidha, ugonjwa uliokuwa umetulia unaweza kurudi kwa kishindo na kuharibu figo. Chunjua husumbua na kutia aibu, lakini hazina madhara ya kiasi hicho. Zikizidi, daktari anaweza kupunguza dozi taratibu au kubadilisha dawa.

La pili ni kuhakikisha kwamba kinachoonekana ni chunjua kweli. Ipo aina ya lupasi ya ngozi inayoota vinundu vigumu vinavyofanana nazo, na saratani ya ngozi pia inaweza kuanza kwa sura hiyo. Kinundu kinachokua haraka, kinachotoka damu au kisichopona kinapaswa kukatwa kipande na kupimwa maabara.

La tatu ni kuchagua matibabu kwa uangalifu. Kugandisha chunjua kwa nitrojeni ni tiba ya kawaida, lakini inaweza kumdhuru mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe au vya samawati kwa baridi, hali inayowapata wagonjwa wengi wa lupasi. Kwa mwenye soriasisi au mbalanga, kidonda cha kukata au kuchoma kinaweza kuotesha ugonjwa wake mahali hapo. Mwenye kisukari asipake asidi ya salisili mguuni bila ushauri, kwa kuwa ganzi ya miguu humfanya asihisi kidonda kinapoanza. Kuzikata chunjua kwa wembe au kuzifunga kwa uzi nyumbani si salama kwa yeyote, kwani hueneza virusi na kufungua mlango kwa bakteria.

La nne linawahusu wanawake. Mwanamke anayetumia dawa za kutuliza kinga anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi kwa ukaribu zaidi kuliko wenzake, hata kama hana chunjua yoyote inayoonekana. Uchunguzi huo hufanyika kwa kipimo cha HPV, au kwa kupaka siki na kuangalia, njia inayotumika katika vituo vingi vya afya Afrika Mashariki. Mabadiliko yakigunduliwa mapema hutibika kabla hayajawa saratani.

Na kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote unaojulikana, ambaye chunjua zake ni nyingi na hazisikii dawa, ushauri ni kumwona daktari na kupima damu, ikiwa ni pamoja na Virusi vya Ukimwi. Chunjua chache hazimaanishi kwamba mtu ana virusi hivyo, wala hazimaanishi kwamba mwili wake unajishambulia. Lakini zinapoenea na kukataa kuondoka, huenda zinaonyesha kwamba walinzi wa mwili hawapo kazini, na ni vyema sababu yake ijulikane mapema.